Mlango wa Mwinjilisti

Mwomba mkate hafungi mlango. Ukifika Kighanda, kule juu milimani Upareni, hutamaliza siku mbili kabla hujaambiwa neno hili. Ataambiwa jirani anayeona haya kuomba chumvi, ataambiwa mgonjwa anayesema hajambo huku jasho linamtoka. Wageni hudhani limetoka kwa mchungaji fulani hodari wa mahubiri. Wapi! Lilitoka jikoni, kwa mwanamke mwenye njaa, na chanzo chake ni hiki alichokieleza Bibi Naelijwa siku vijana wa kwaya walipokwenda kumsaidia kupukuchua mahindi.

Walikuwa wamekaa uani kwake, magunzi yametapakaa miguuni, mara akaingia Mama Chediel wa nyumba ya chini na mkungu wa ndizi kichwani. Tumsifu, kijana aliyelelewa vizuri mpaka ikapita kiasi, akasimama haraka.

"Asante sana, mama, lakini usijisumbue. Sisi tumeshakula."

Mama Chediel aliutua mkungu pale pale mbele ya viatu vya Tumsifu. "Kijana," alisema, "mwomba mkate hafungi mlango." Akageuka akaenda zake anacheka.

"Mimi nimefunga mlango gani?" Tumsifu akauliza. Wenzake walimcheka. Msichana mmoja, Eliwaza, akasema hata yeye amelisikia neno lile tangu utotoni, akidhani ni kawaida ya watu wazima kusema maneno yasiyo na kichwa wala miguu.

"Kichwa kinacho, na miguu inayo," Bibi Naelijwa akasema. "Mama mkwe wangu ndiye aliyelisema kwanza, nami nimelipokea kinywani mwake. Mikono iendelee na mahindi, masikio nipeni mimi."

Wakati wa ujana wa mama mkwe huyo, Kighanda haikuwa na barabara, na bati lilikuwa kitu cha kusimuliwa. Kanisa lilikuwa la udongo na nyasi. Kengele yake ilikuwa kipande cha reli ambacho wanaume walikibeba mabegani kutoka bondeni, wakapanda nacho mlima mzima wakiimba. Kila jioni, jua likianza kuegemea mlima, kipande kile kiligongwa, na kila nyumba ya Mkristo ilifungua mlango wake wazi. Watu walisimama ndani, uso kuelekea nje, wakaisema Sala ya Bwana kwa sauti kubwa.

Desturi hii ilianza kwa sababu ndogo tu. Wakristo wa kwanza walikuwa wachache, na walioijua sala yote mpaka mwisho walikuwa wachache zaidi. Basi aliyeijua alifungua mlango na kuisema kwa nguvu ili jirani aidake. Wa juu walianza, wa chini wakafuatisha, na waliokaa karibu na mto walikuwa nyuma kila siku. Kwa hiyo Amina ya Kighanda ilikuwa ndefu, ilianzia kanisani ikateremka nyumba kwa nyumba mpaka majini. Bibi Naelijwa aliposema hivyo aliacha kupukuchua kidogo. Aliisikia alipokuja kuolewa, alisema, na tangu iliponyamaza hajasikia kitu cha kumtuliza moyo namna ile.

Hata watu wote walipoijua sala, milango iliendelea kufunguliwa. Na kwa kuwa macho hayana pazia, kila jioni uliona kwa mwenzako nani amelala kitandani, nani ana mgeni, na moto wa nani hauna chungu. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini watu walisaidika. Siku hizi jirani anaugua nyuma ya geti, tunapata habari kwa simu.

Wakati huo mwinjilisti wa mtaa alikuwa Yoeli, kijana mrefu, mpole, mwenye koti moja. Alikuja na mkewe Namkunda na mtoto wao wa pekee, Yese, kutoka upande wa pili wa mlima. Hawakuwa na shamba la ukoo pale. Waliishi kwa fungu.

Fungu lilikuwa hivi. Mwanamke wa Kighanda alipopukuchua mahindi yake, kabla hajapika hata punje, alitia kiasi katika kikapu kidogo, akakiombea, akakitundika juu ya jiko mahali moshi unapopita. Hilo lilikuwa fungu la mtumishi. Likishaombewa, mwenye nyumba haligusi hata iweje, wala hampi mtu mwingine, mpaka mtumishi alipokee mwenyewe kwa mikono miwili. Akishalipokea ni lake. Akitaka ale, akitaka agawe. Na jambo hili halikuzungumzwa. Kutaja unachompelekea mtu, tena ukiwa bado nje ya mlango wake, ilikuwa kukosa adabu kabisa. Watu wa Kighanda walizaliwa wakaikuta desturi hiyo, wala haikuwapitia akilini kumfundisha mwinjilisti mambo ya kanisa. Yoeli alijua tu kwamba vikapu huja.

Namkunda aliipenda Kighanda tangu siku ya kwanza. Mwanzoni aliogopa, maana mke wa mwinjilisti hutazamwa kuanzia kilemba mpaka kisigino. Lakini jirani yake wa ng'ambo ya njia, chini kidogo, Nanzia, alimjia na kuni asubuhi ya kwanza, akakaa, akamchekesha. Tangu hapo wakawa watu wa kuombana moto na kusukana nywele. Mchana vinu vililia mteremko mzima, kila mwanamke akikoboa mahindi ya makande, na Namkunda akajua kutofautisha mchi wa Nanzia na wa wengine. Yese naye akijifunza kutembea alijua jambo moja la hakika: kinu cha mama kikilia, chakula hakiko mbali. Alichukua kibakuli chake cha kibuyu, akaja kukaa chini kando ya kinu, akangoja.

Kisha mvua ya vuli ikakataa kunyesha. Huko juu kulikuwa na ndiva, bwawa la kuhifadhi maji ya mfereji usiku ili yafunguliwe alfajiri kwenda mashambani. Ndiva ikapungua, ikawa tope, na tope lenyewe likapasuka. Mahindi yalikauka yakiwa hayajafika magotini. Watu walianza kuchimba viazi vya porini na kuchemsha majani ambayo zamani waliwapa mbuzi.

Jumapili moja Yoeli alihubiri kwamba Mungu anayewalisha ndege hatawasahau watu wa Kighanda. Alihubiri vizuri, na watu walihitaji kusikia neno lile. Sasa, alikuwako mzee mmoja aliyeitwa Mrutu. Hakuwa Mkristo, ila hakukosa ibada. Alisikiliza akiwa nje, ameegemea ukuta, apate la kubishia wiki nzima. Watu walipotoka alimwambia Yoeli mbele yao wote, "Umesema vizuri, Mwinjilisti. Basi Mungu wako tutamwona kwenye sahani yako."

Watu wakacheka. Yoeli naye alicheka, lakini neno lile lilimchoma, akarudi nyumbani. Jioni alimwambia mkewe, "Mama Yese, mtu yeyote asijue hali ya jiko hili."

"Kwa nini, Baba Yese? Nani asiyejua kwamba kuna njaa?"

"Wao wakikosa, ni njaa. Mimi nikikosa, watasema Mungu ninayemhubiri hana kitu. Nani atamwamini tena?"

Namkunda alimjua mume wake. Angekuwa na majivuno angemjibu, lakini Yoeli hakuwa mtu wa kujiona. Alikuwa radhi kutembea na kiraka mgongoni na kucheka nacho. Hakuona haya kwa ajili yake mwenyewe. Alikuwa anamwonea Mungu haya. Na mtu wa namna hiyo ni vigumu sana kumwambia kwamba amekosea.

Tangu siku hiyo mlango wa mwinjilisti ulifungwa jioni. Aligonga kengele, akarudi nyumbani, akashusha komeo, wakasali ndani. Watu walipouliza, alisema upepo wa jioni haumfai mtoto kifuani.

Mchana nako kulikuwa na shida yake. Nyumba ambayo kinu chake hakilii huulizwa kulikoni. Kwa hiyo Yoeli akamwomba mkewe atwange. "Nitwange nini?" Namkunda aliuliza, na mumewe akatazama chini. Basi akatia ndani ya kinu pumba za zamani na majani makavu ya mgomba ili mlio usiwe mkavu, akashika mchi, akatwanga. Alitwanga tumbo tupu, jasho la baridi linamtoka, nguvu ambazo angezitumia kutafuta viazi porini zikaishia mle kinuni. Huko ndiko kufa na tai shingoni, wanangu, ingawa tai yenyewe hatukuwa nayo.

Na uongo ule ulifanikiwa kweli kweli. Watu walisikia kinu, wakasema, "Kwa mwinjilisti wanatwanga. Bwana anamlisha mtumishi wake." Wengine walilisema kwa furaha, likawatia moyo. Lakini yuko mmoja aliyedanganyika nao kila siku kuliko wote, naye alikuwa Yese. Kila kinu kilipolia alikuja na kibakuli chake, akakaa palepale, akamtazama mama yake usoni.

"Bado, baba," Namkunda alimwambia. "Bado kidogo."

Alipoacha kutwanga, Yese alilia. Alilia mpaka akachoka, akalala na kibakuli kifuani. Jioni Namkunda alimpa maji ya majani yaliyochemshwa, na Yoeli alitoka nje kwa kisingizio cha kuni asimwone mtoto akinywa.

Jioni moja, wakiwa ndio kwanza wamefika kwenye ombi la mkate wa kila siku, hodi ikapigwa. Ilikuwa sauti ya Nanzia. Namkunda aliinua uso. Lakini Yoeli alijibu bila kuinuka, "Tumo, Mama Eliabu! Tu salama, Bwana ametulisha. Tutaonana kesho."

"Haya, Mwinjilisti," Nanzia akasema nje. "Bwana asifiwe." Nyayo zake zikaondoka.

Alirudi jioni nyingine, akajibiwa vile vile. Wakaja na wengine, mmoja mmoja, kila mtu na hodi yake ya upole. Namkunda alitamani kumwita hata mmoja wao kwa jina. Kila mara alimtazama mumewe kwanza, kisha akarudi kwenye sala. Baada ya muda hodi zilikoma. Nyumba ikawa kimya, na Yoeli akasema ni vizuri, sasa watu wana hakika.

Namkunda alikuwa anamtazama mtoto. Nywele za Yese zilikuwa zimegeuka rangi, nyembamba kama za mahindi machanga, na miguu ile iliyokuwa imeanza kutembea ilikuwa imerudi kutambaa. Alijua anachokiona. Kwao, ng'ambo ya mlima, alikuwa amewazika wadogo zake wawili katika njaa nyingine, na walianza hivyo hivyo. Kila asubuhi aliamka akiomba mkono wake ukimgusa mtoto umkute ana joto.

Halafu ikaja siku ambayo kinu kililia na Yese hakuja.

Namkunda alitwanga akiangalia mlangoni. Akatwanga kwa nguvu zaidi. Mtoto alikuwa ndani, amelala ubavu juu ya ngozi, macho wazi, anamtazama mama yake, hanyanyuki, halii. Kibakuli kilikuwa karibu na mkono wake na mkono haukukitafuta. Alikuwa ameacha kukiamini kinu cha mama yake.

Namkunda aliulaza mchi chini. Akamwaga zile pumba na majani nje, palepale njiani ambapo kila mtu hupita. Akaingia ndani, akampakata mtoto, akakaa hivyo mchana wote.

Jioni Yoeli aligonga kengele akarudi. Alikuta mlango wa nyumba yake uko wazi kabisa, umeegemezwa jiwe. Moto umekokwa ukawa mkubwa, na juu ya mafiga hakuna chungu. Namkunda amesimama katikati ya mlango, Yese yuko mikononi.

"Mama Yese, funga mlango."

"Sifungi."

"Watu wanaona!"

"Na waone."

Yoeli alisogea, akashusha sauti. "Watasema nini juu ya Mungu?"

"Mungu alikutuma umsemee, Baba Yese. Hakukutuma umfichie." Namkunda hakuondoka pale alipo. "Kila jioni tunashusha komeo, halafu tunaomba mkate. Ukija, uingilie wapi? Uteremke darini? Mwomba mkate hafungi mlango! Mtazame mwanao. Leo nimetwanga, hakuja."

"Hakuja?"

"Hakuja."

Yoeli alimtazama mtoto, na safari hii hakutafuta kisingizio cha kuni. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye ubao wa mlango. Akauondoa.

Basi wakasali hivyo, mlango wazi, uso nje. Nyumba za chini zilikuwa zimeshaanza. Namkunda alisema sala kwa sauti yote aliyobakiwa nayo, na walipofika kwenye ombi la mkate, sauti ikamkatika. Hakulisema, alilia tu mbele ya watu wote, akimnyanyua mtoto kidogo kama mtu anayeonyesha kitu.

Nyumba ya Nanzia ilitazamana na ile ya mwinjilisti. Nanzia alikuwa mlangoni kwake na watoto wake, macho yamefumbwa nusu. Alipoisikia sauti ikikatika aliyafumbua. Akauona moto, akaona hakuna chungu, akamwona Yese. Sala ya Nanzia ilikomea hapo. Watu waliokaa karibu na mto walisema baadaye kwamba jioni ile Amina haikuwafikia, wakajua kuna jambo huko juu.

Alipanda njia mbio, kikapu kidogo chenye masizi kikiwa kifuani.

"Hodi."

"Karibu," Namkunda alisema. "Karibu ndani, Mama Eliabu. Hatuna kitu. Tulikuwa tunatwanga pumba."

Nanzia alipiga magoti akaweka kikapu chini. Alikuwa anahema, na kwa kweli alikuwa amekasirika. "Mama Yese, mbona mlinifungia mlango? Hiki ni chenu. Ni chenu tangu jioni ile ya kwanza! Nilikileta, Mwinjilisti akasema mmelishwa. Nikakirudisha juu ya jiko. Wanangu wanalala wanakitazama, wanaamka wanakitazama. Jana Eliabu aliniuliza, mwinjilisti akikataa siku zote, yale mahindi yatakuwa ya nani?"

Yoeli alifikiri hakusikia vizuri. "Ulikuwa na mahindi ndani, na watoto wako wanalala njaa?"

"Si mahindi yangu, Mwinjilisti. Yameshaombewa."

"Hata kwa njaa hii?"

"Njaa ndiyo imeibatilisha sala?" Nanzia alimshangaa. "Nitayalaje? Nitampaje mtu mwingine? Mpaka uyapokee wewe."

Yoeli akauliza, taratibu, kama mtu anayeogopa jibu. "Na wale wengine waliokuwa wanabisha hodi?"

"Kila nyumba ina kikapu juu ya moto. Tulipukuchua yale machache ya msimu uliopita yaliyobaki darini, tukatoa fungu lako kwanza, kama siku zote. Sote tunakungoja wewe."

Hapo ndipo Yoeli alipokaa chini, kwenye vumbi la mlangoni pake, koti lake moja likiburuta. Jioni zote zile alikuwa anaomba mkate kwa machozi, na mkate umetundikwa juu ya kila jiko kuanzia kanisani mpaka mtoni. Yeye haufikii kwa sababu ya komeo, wenyewe hawaugusi kwa sababu umeshaombewa. Watoto wa Kighanda walikuwa wamelala njaa chini ya chakula, wakimngoja aseme kwamba ana njaa.

"Nilidhani namlinda Mungu," alisema. "Kumbe nimemsimamisha nje na kikapu mkononi."

"Pokea kwanza," Nanzia akamwambia. "Utalia ukishapokea."

Yoeli alipokea kwa mikono miwili. Alimimina kiasi katika upande wa kanga wa mkewe, kisha akamrudishia Nanzia kikapu na mahindi yaliyobaki. "Sasa ni yangu," alisema, "na mimi nakupa wewe. Nenda ukawapikie watoto." Nanzia alikipokea. Akateremka njia ile ile mbio, na kabla hajafika kwake watu walimsikia akimwita Eliabu alete kuni.

Yoeli hakungoja waje. Jua lilikuwa bado halijazama vizuri. Aliteremka nyumba kwa nyumba, akibisha hodi yeye, kila mahali akisema maneno mafupi: "Nina njaa. Nimekuja kupokea fungu langu." Akapokea kwa mikono miwili, akabakiza konzi moja, akarudisha yaliyobaki. Wanawake waliishusha mizigo ile midogo ya masizi kama watu waliorudishiwa mgonjwa wao akiwa mzima. Vinu vikaanza kulia mteremko mzima, saa ambayo havikuzoea kulia.

Alifika hata kwa Mzee Mrutu, ambaye hakuwa na kikapu cha fungu, na akampelekea konzi mbili. Mzee aliyatazama mahindi, akamtazama mwinjilisti.

"Kwa hiyo sahani yako ilikuwa tupu."

"Tupu kabisa, mzee."

"Sasa si ungesema? Mimi nina kunde."

Mzee Mrutu hakuongoka siku ile, msije mkadanganyika. Aliendelea kuegemea ukuta wa nje mpaka uzee ulipomzuia kutembea. Ila kunde zake zililiwa kwa mwinjilisti, tena zilikuwa nzuri.

Namkunda alitwanga yale mahindi, akachekecha unga, akapika uji mwepesi. Alimnywesha Yese kwa ncha ya kidole, tone kwa tone, kwa kuwa mtoto aliyekaa na njaa hapewi shibe ghafla. Yese alimeza, akalala. Asubuhi Namkunda alikuwa jikoni aliposikia nyuma yake kilio. Kilikuwa kilio cha hasira, cha mtoto anayedai chake na anayeona anacheleweshwa. Namkunda aliacha uji uungue. Alikaa chini akacheka na kulia kwa pamoja, na Nanzia alipokuja kutazama kulikoni, naye akakaa chini wakalia wawili.

Njaa haikuisha siku ile. Vikapu vilikuwa vidogo na nyumba zilikuwa nyingi. Walikula kidogo, wakalala, wakaamka hawana cha kesho, wakaomba cha siku hiyo tu. Kikapatikana huku au kule, leo kwa huyu viazi, kesho kwa yule maziwa ya mbuzi, na aliyekosa aliacha mlango wake wazi akaonekana. Hivyo hivyo mpaka masika. Walizikwa wazee wawili watatu, lakini hakuzikwa mtoto hata mmoja. Wazazi wetu walioipita njaa ile waliikumbuka kwa namna ya ajabu. Walikuwa wanaisimulia wakitabasamu, kana kwamba ndipo walipofahamiana.

Jumapili iliyofuata Yoeli alisimama mbele ya watu, akasema hana mahubiri. Akaeleza yote, komeo na pumba na majani ya mgomba, hakubakiza. Kisha akasema, "Mke wangu alihubiri jioni ya juzi mlangoni, nami narudia maneno yake." Watu wakatoka nayo kanisani, wakateremka nayo mpaka mtoni, na hadi leo hawajayaweka chini.

Bibi Naelijwa akarudi kwenye mahindi yake. Vijana walikuwa wameacha kupukuchua muda mrefu na hakuna aliyekuwa ameliona hilo. Tumsifu ndiye aliyeuliza.

"Na yule mtoto, Bibi? Yese?"

"Yese aliishi," Bibi alisema. "Alikuwa na miguu myembamba siku zake zote, lakini aliishi. Akakua, akawa msimamizi wa mifereji, akanipitia siku moja nikiteka maji, akasimama hapo akasahau alikokuwa anakwenda. Tukaoana. Nyinyi mmemjua kwa jina la ukoo tu, Mzee Senzighe, aliyewafundisha baba zenu kufungua ndiva."

Eliwaza alifunika mdomo kwa mkono wenye vumbi la mahindi.

"Mama mkwe nilimkuta amezeeka," Bibi akaendelea. "Nilimwuguza mimi mpaka mwisho. Siku moja nilimwuliza kama hakuona aibu jioni ile, mke wa mwinjilisti, kulia mlangoni mtaa mzima ukitazama. Akasema, 'Niliona aibu sana, mwanangu. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini aibu ilikwisha jioni ile ile, na Yese nikabaki naye.' Akanishika mkono, maana macho yalikuwa hayaoni tena, akaniambia nisije nikaacha kuwaambia wengine: mwomba mkate hafungi mlango."